Leza: nikigeuza ubao, upande wa pili haulingani na wa kwanza. Shida ni pini au mashine?

mkato_mmoja:

Wakuu, habari za karakana.

Mashine ni leza ya CO2 ya wati 50, meza 500 × 300 mm, lenzi ya inchi 2, programu LightBurn. Kazi ni vibao vya kuwekea vikombe vyenye mchoro pande zote mbili. Kipenyo ni 80 mm, plaiwudi ya 3 mm, sita kwenye ubao mmoja wa 300 × 200, safu tatu za viwili viwili.

Utaratibu uko hivi. Kitako cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya 6 mm kimefungwa mezani na hakisogei. Kina matundu mawili kwenye mstari wa katikati, x = 150, moja likiwa y = 7 na jingine y = 193. Nabandika ubao juu yake kwa tepu, nachonga upande A, natoboa matundu mawili ya ubao pale pale yalipo ya kitako. Kisha nageuza ubao kushoto-kulia, nachomeka pini za chuma za 4 mm, nachonga upande B na kumalizia kwa kukata miduara.

Matokeo: vibao viwili vya safu ya kati ni vizuri kwa juu-chini. Safu mbili za pembeni mchoro wa A umepotoka kama 0.6 mm, safu moja umepanda, nyingine umeshuka. Juu ya hapo, vyote sita vimesogea kama 0.3 mm upande uleule. Pini hazichezi kabisa, nimezikaza.

La pili, pengine lina uhusiano: plaiwudi ya 12 mm haikatiki kwa upande mmoja bila kuungua vibaya, kwa hiyo nakata nusu, nageuza, namalizia. Ukingoni katikati ya unene panabaki kingazi kinachoshika kucha, lakini kwenye kingo za kushoto na kulia tu. Za mbele na nyuma ni laini.

Nianzie wapi?

---

fundi_vipimo:

Mkuu, maelezo yako yamejitosheleza, na jibu limo ndani yake. Hapo una makosa mawili tofauti yaliyopandana. Ukiyashughulikia kama kosa moja utazunguka na pini mpaka uchoke.

Kwanza kabisa elewa tabia ya kugeuza: kosa lolote la mashine unaliona mara mbili. Kama mhimili wako wa kugeuzia (mstari unaopita kwenye pini zote mbili) hauko 150 bali 150.15, kitu ulichochonga mahali pa x kwenye upande A kitatua 300.3 − x, wakati programu inachonga B kwa hesabu ya 300 − x. Tofauti ni 0.3, ila kosa lenyewe ni 0.15. Ndiyo maana wengi husogeza mchoro kwa kiasi kile kile walichopima kisha wanashangaa kosa limehamia upande wa pili.

Kosa la vyote sita (0.3 mm). Kabla ya kugusa chochote, angalia mchoro wa B umekaaje ndani ya duara lake. B na duara vimefanyika kwa mkao mmoja, kwa hiyo vinapaswa kulingana. Kama B iko katikati na A peke yake ndiyo imesogea, mhimili haupo unapodhani upo. Kama hata B imesogea, hiyo ni leza kuchelewa kuwaka wakati wa kuchonga kwa kasi. Kwa 300 mm kwa sekunde, ucheleweshaji wa milisekunde moja tu ni 0.3 mm. Ukichonga kwa kwenda na kurudi utaona herufi zenye kingo mbilimbili. Ukichonga kwa kwenda tu, mchoro mzima unasogea kuelekea kichwa kinakokwenda. Hilo linarekebishwa kwenye jedwali la marekebisho ya kuchonga ndani ya programu, kila kasi na thamani yake, wala halihusiani na pini.

Kupata mhimili wa kweli, tumia kadi ngumu ya 1 mm badala ya kuharibu plaiwudi. Toboa matundu ya pini, kisha kwenye upande A kata vijistari kumi na kimoja vya wima, urefu 10 mm, vikiachana 2.0 mm, cha katikati kikiwa x = 190. Geuza. Kwenye B choma kwa nguvu ndogo vijistari kumi na kimoja vikiachana 1.9 mm, cha katikati x = 110, vikipakana na vile vya kwanza kwa ncha. Ni kalipa ya vernia uliyojichorea mwenyewe. Tafuta jozi inayolingana sawasawa. Hatua moja kutoka katikati ni 0.1 mm, mbili ni 0.2, na kuendelea. Gawa kwa mbili. Mikato ikiwa imeangukia kulia kwa mistari ya B, mhimili wako uko kulia kwa nusu hiyo. Sogeza mchoro wote wa B kulia kwa kiasi unachokisoma kwenye kadi, au hamisha mhimili kwenye mchoro kwa nusu yake. Usifanye vyote viwili.

Kosa la safu za pembeni (0.6 mm). Hili silo la pini. Kosa linalokuwa sifuri kwenye mhimili na kukua kadiri unavyotoka pembeni, upande mmoja likipanda na mwingine likishuka, ni alama ya mashine ambayo X na Y hazikutani kwa nyuzi 90. Ukifanya kazi ya upande mmoja huwezi kuliona. Mraba unatoka umelala kidogo na jicho halijui. Hata ukizungusha kipande nusu duara juu ya meza, bado kinaingia kwenye tundu lake. Kugeuza ndiko kunakofichua, kwa sababu mraba uliolalia kulia sasa unalalia kushoto.

Kata mraba wa 200 × 200 kwenye kitu kisichopinda, upime kona kwa kona, zote mbili. Zinatakiwa ziwe 282.8 kila moja. Leta namba hapa.

---

sega_na_sumaku:

Nakubaliana na fundi_vipimo kuhusu pembe, ila niseme kitu kuhusu mbinu yenyewe. Pini juu ya mhimili ni nzuri kwa ubao wenye vipande vingi. Kwa kipande kimoja kimoja, au kitu ambacho tayari kimekatwa, tundu la kukalia ni rahisi zaidi: funga kipande cha MDF mezani, kata umbo, toa kiini, tupa. Tundu lililobaki ndilo makao, na mashine inajua lilipo kwa sababu imelikata yenyewe.

Tatizo ni upana wa mkato. Tuseme leza yako inakula 0.15 mm. Ukikata tundu na kipande kwa mstari uleule, tundu linaongezeka 0.15 kwa kipenyo na kipande kinapungua 0.15. Nafasi inayobaki ni 0.3, kipande kinacheza. Kwa hiyo mstari wa tundu uingize ndani 0.13 mm kila upande. Hapo kipande kinaingia kwa kusukuma kwa kidole, na bado kinatoka bila bisibisi. Upana wa mkato usiuchukue kwenye maelezo ya mashine, upime: kata vipande kumi vya 20 mm vinavyogusana ubavu kwa ubavu, vipange pamoja, pima urefu wote, toa kwenye 200, gawa kwa 10. Rudia ukibadili aina ya ubao, maana MDF na plaiwudi havilingani.

Kuna msaada mmoja wa bure. Mkato wa leza huwa mpana juu na mwembamba chini, kwa hiyo uso wa juu wa kipande ni mdogo kidogo kuliko wa chini. Kikigeuzwa, uso mdogo unatangulia kuingia kwenye tundu ambalo nalo ni jembamba chini, na kinajiweka katikati chenyewe. Kisipogeuzwa kinabana chini na kuning'inia. Ukiona kipande kinakaa vibaya, mara nyingi kimewekwa upande usio wake.

Kwa umbo lisilo na ulinganifu, tundu lazima liwe la umbo lililopinduliwa kama kwenye kioo. Michoro na maandishi ya upande B usiyapindue! Kinachopinduliwa ni umbo la nje na mahali pa kitu, siyo kitu chenyewe. Amua pia mapema unageuza kama ukurasa wa kitabu au kama kalenda ya ukutani. Kwa kalenda, mchoro wa B uzungushe nyuzi 180, la sivyo utasimama kichwa chini.

Na mtego unaowakamata watu wengi wa LightBurn: kuanzia kazi kwenye “Current Position” (mahali kichwa kilipo sasa). Hapo sehemu ya kuanzia inahesabiwa kutokana na kisanduku kinachozunguka kila kitu kitakachochomwa kwenye kazi ile. Upande A una matundu ya pini, B hauna, kisanduku si kilekile, basi mchoro umehama na hujui kwa nini. Kwa kazi ya pande mbili weka “Absolute Coords” (vipimo vya meza yenyewe) na usiiguse mpaka umalize. Kama kwako A na B ni mafaili mawili tofauti, yaweke yote kwenye faili moja, tabaka mbili, uwe unazima moja na kuwasha nyingine.

---

mkato_mmoja:

Shukrani sana wakuu. Mraba wa 200 kwenye akriliki ya 3 mm: kona kwa kona ya kwanza 283.3, ya pili 282.4. Nimepima mara kadhaa, haibadiliki. Mchoro wa B uko katikati ya duara barabara, A ndiyo iliyosogea. Niko kwenye “Absolute Coords” tangu mwanzo.

Boriti inayobeba kichwa inavutwa na mikanda miwili, mmoja kila upande, mota moja yenye shafti ndefu. Umbali kati ya reli ni kama 580 mm. Nalegeza wapi?

---

fundi_vipimo:

Safi. Tofauti ni 0.9. Gawa kwa 1.414, unapata 0.64 mm kwa kila 200 mm. Vibao vyako vya pembeni vina vitovu 100 mm kutoka mhimili. Hapo mashine imepotoka 0.32, ukigeuza inakuwa 0.64. Ndiyo 0.6 yako, na kalipa yako naiamini. Na kwa kuwa B iko sawa, ile 0.3 ni mhimili: vernia ya kadi itakuthibitishia 0.15.

Boriti yako imelala 0.64 kwa 200, maana yake kwenye 580 mwisho mmoja umetangulia mwingine kwa takribani 1.9 mm. Zima umeme. Tafuta kaplingi inayounganisha shafti na upande wa mbali na mota, legeza skrubu zake za upande mmoja tu. Sukuma mwisho huo wa boriti 1.9 mm, kaza, kata mraba tena. Mwelekeo utaujua kwa mraba wa kwanza: boriti inatakiwa isogee ili kona kwa kona ndefu ifupike. Ukikosea, tofauti itaongezeka badala ya kupungua, urudi upande wa pili.

Kama mikanda ni ya meno ya 2 mm na hakuna kaplingi ya kulegeza, kuruka jino moja kunakufikisha karibu kabisa. Kwa meno makubwa zaidi usijaribu hivyo, utavuka mbali.

Lenga tofauti isiyozidi 0.1 kwa kona za mraba wa 200. Chini ya hapo unapima kalipa yako na mkono wako, siyo mashine. Halafu mhimili upime baada ya kunyoosha boriti, siyo kabla, kwa sababu matundu ya kitako nayo yalikatwa na mashine iliyopinda. Kitako kata kipya.

---

mwale_wima:

Nizungumzie ile 12 mm, maana kingazi chake hakitaondoka kwa kunyoosha boriti peke yake.

Kingazi kwenye kingo za kushoto na kulia tu, wakati unageuza kushoto-kulia, kinaweza kuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mhimili uliokosewa, ile 0.3 uliyonayo. Ya pili ni mwale usioshuka wima, umeinama kuelekea kushoto au kulia. Ukiinama nyuzi moja tu, kwa unene wa 12 mm unapoteza 0.21 mm. Ukikata A mpaka katikati, mkato umesogea 0.1 upande mmoja. Ukigeuza, mkato wa B nao unasogea 0.1 upande wa pili, na pale mikato inapotakiwa kukutana haikutani. Mwale ukiinama mbele au nyuma badala yake, kwa kugeuza huku kwako mikato inakutana vizuri, ila ukingo unakuwa na tumbo au bonde. Haupendezi kwa pembe, lakini kingazi hakuna.

Kuzitenganisha ni rahisi. Kata kwa upande mmoja kipande cha 6 mm hadi chini, simamisha pembe mraba ya chuma kwenye kila ukingo, angalia mwanga. Mwale wima unaacha mwinamo mdogo unaofanana kingo zote, kwa sababu ya ule upana wa juu. Ukingo wa kushoto ukiwa umelala na wa kulia umesimama, vioo vyako vinahitaji kazi. Thibitisha kwa tepu: toa lenzi, bandika tepu ya karatasi mezani, choma nukta kwa pigo fupi, kisha weka tepu juu ya kipande cha urefu wa 50 mm pale pale na uchome tena bila kusogeza kichwa. Mwale ukiinama nyuzi moja, nukta ya pili itakuwa 0.87 mm mbali na pale ya kwanza ilipo ukitazama kutoka juu. Kioo cha tatu, kilicho kichwani, ndicho kinachoamua wima. Ila kabla ya kukigusa hakikisha mwale unakifikia mahali palepale kichwa kikiwa kwenye kona zote nne. Mfuniko umefungwa muda wote, hilo halina mjadala.

Ukiwa na haraka na mwale umeinama kwa Y tu, geuza kushoto-kulia. Ukiinama kwa X tu, geuza mbele-nyuma. Mwinamo ukiwa sambamba na mhimili wa kugeuzia, hautoi kingazi.

Kuhusu kina: usikate nusu kwa nusu. Kwa 12 mm lenga milimita 7 kila upande, ili mikato ipandane kwa 2. Plaiwudi ina gundi isiyo sawa, na pale yenye fundo au gundi nene mkato unakuwa mfupi; ukilenga 6 kamili utabaki na madaraja ya kuvunja kwa mkono. Kujua kina chako, chora mistari inayotoka nje ya ukingo wa kipande cha majaribio, kila mmoja kwa kasi yake. Mfereji unaonekana ubavuni, unapima kwa kalipa bila kubahatisha. Fokasi ishushe milimita 2 hivi chini ya uso, siyo juu ya uso kama kwa kuchonga. Na mapito mawili ya haraka kwa kila upande yanaunguza kidogo kuliko pito moja la polepole, mradi hewa inapuliza kwa nguvu. Mfereji wa kina kirefu unashika moto kirahisi, usiondoke hapo.

Pini za ubao mnene ziwe fupi. Tundu la 12 mm utalitoboa kwa mapito mengi, na huko chini litakuwa limepinda na kuungua. Haidhuru: ukigeuza, uso uliokuwa juu ndio unaokaa kwenye kitako, na hapo tundu ni sahihi. Pini ichomoze 3 mm tu juu ya kitako. Pini ndefu itafuata sehemu iliyopinda na kukusogezea kazi.

---

sega_na_sumaku:

Hilo la pini fupi fanya hata kwenye 3 mm, ichomoze 2 tu. Kichwa nacho hakitagonga pini.

---

kimya_cha_mota:

Nyongeza kwa watakaosoma huku mbele wakiwa na leza ndogo za diodi zinazoendeshwa na GRBL (programu ya ndani ya mashine inayoongoza mota). Kwa kawaida mota zinaachia zikikaa bila kazi, na wakati unageuza ubao kiwiko kinaweza kusukuma kichwa bila wewe kujua. Mashine itaendelea kuamini iko ilipokuwa. Kwenye mipangilio ya GRBL weka $1=255, mota zibaki zimeshika. Usizime umeme kati ya A na B, na usiiambie mashine itafute sifuri upya kama swichi zake ni za kubonyeza za kawaida. Haziguswi mahali palepale kila mara, na tofauti hiyo yote inaingia kwenye upande B.

Plaiwudi ya 3 mm nayo ina lake. Ukichonga eneo kubwa upande A, uso ule unakauka na ubao unajikunja kuelekea huko. Ukigeuza, katikati inabaki imeinuka kama kilima na fokasi inakukimbia: mchoro wa katikati unakuwa mnene, wa pembeni mkali. Pini mbili hazizuii hilo. Ongeza sumaku nne kwenye kona, au vishikizo vya sega (meza ya matundu kama sega la nyuki), na upime urefu wa fokasi katikati ya ubao, siyo kwenye kona. Kama mchoro wa A ni mzito sana, chonga kwanza ule mwepesi.

Kwa akriliki, karatasi ya kinga ya uso wa chini iache mpaka ugeuze. Uliyobandua ya juu ili uchonge, rudishia tepu ya karatasi kabla ya kuilaza mezani, maana moshi unaorudi kutoka kwenye sega unaacha madoa ambayo kwenye akriliki nyeusi hayafutiki bila kuchubua.

---

mkato_mmoja:

Kaplingi nimeiona, ina skrubu mbili za alani kila upande. @mwale_wima, nikipima kwa pembe mraba kwenye kipande cha 6 mm, ukingo wa kulia umesimama wima kabisa na wa kushoto una mwanga juu. Hiyo ni X?

---

mwale_wima:

Ni X, ndiyo. Kioo cha tatu, skrubu moja kwa robo mzunguko, kisha tepu tena. Nukta mbili zikikutana, rudisha lenzi, kata 12 mm tena ukiwa na kitako kipya. Mpaka hapo kwa sasa geuza mbele-nyuma.